Jeraha au Kidonda: Kulinganisha Njia za Kumtibu Samaki wa Tangi la Maji ya Bahari

Mfugaji wa samaki wa baharini akiona alama nyekundu ubavuni mwa samaki wake, mkono humwenda kwenye kabati la dawa kabla jicho halijamaliza kazi yake. Lugha yetu imetenga maneno mawili ambayo yangemzuia. Jeraha hutoka nje: samaki amechanwa, ameumwa, au amekwaruzwa na jabali au na nyuzi za wavu. Kidonda hula nyama kutoka pale kilipo, hata kama mwanzo wake ulikuwa jeraha, na kikikithiri huitwa donda ndugu. Jeraha lisilochokozwa hupungua kila siku, ilhali kidonda kisichotibiwa huongezeka kila siku. Nimefuga samaki wa matumbawe Mombasa kwa miaka kadhaa, na wengi kati ya wale niliowapoteza walikufa kwa sababu nililitibu jeraha kana kwamba ni kidonda, au nilikingojea kidonda nikidhani ni jeraha. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia kwenye kuzitambua alama hizo, kisha unaingia katika uchaguzi wa kumwacha samaki katika tangi kuu au kumhamishia tangi la wagonjwa, ndipo unapofika kwenye dawa zenyewe.

Kuzitambua alama

Zima taa za tangi, ngoja dakika chache samaki atulie, kisha mulika tochi kutoka ubavuni mwake badala ya kumulika kutoka mbele. Mwanga unaopita sambamba na ngozi huonyesha mambo ambayo taa ya juu huyaficha: gamba lililoinuka, ukingo uliovimba, shimo dogo lenye kivuli ndani yake. Jeraha jipya huwa na kingo zilizo wazi. Magamba yamekosekana kwa mstari au kwa upinde, nyama iliyo chini ni nyeupe au ya waridi, na eneo linalolizunguka lina rangi yake ya kawaida. Siku inayofuata hufunikwa na utando mwembamba kama ukungu wa pumzi juu ya kioo. Utando huo ni ute na ngozi changa inayofunga, na huwatia hofu wafugaji wapya, ambao huudhani kuvu na kukimbilia dawa ya kuvu, ingawa kuvu wa ngozi ni tatizo la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, zaidi kuliko la bahari.

Kidonda kina sura nyingine. Kingo zake hazikunyooka, mara nyingi zimezungukwa na pete nyekundu, na katikati pana nyama iliyokufa yenye rangi ya kijivu au ya maziwa yaliyoganda. Magamba ya jirani huanza kuinuka kabla hayajadondoka. Tazama pia mahali ambapo hapajaumia: mashina ya mapezi yakiwa na michirizi ya damu, jicho likiwa na utusitusi, au alama ya pili ikitokea upande ambao haukuguswa na kitu, maambukizi yamekwisha kuingia mwilini. Katika maji ya bahari wahusika wakuu ni bakteria wa jamii ya Vibrio, ambao huishi baharini siku zote na hushamiri maji yanapokuwa ya moto. Hawahitaji kuletwa na samaki mgeni, kwa maana wamo tayari na wanangoja mlango tu.

Umbo la jeraha humtaja aliyelisababisha. Samaki aitwaye kangaja hubeba mwiba mkali kama wembe kila upande wa shina la mkia, na akigeuka kwa hasira huacha mkato mwembamba ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Kikande hung'ata, kwa hiyo huacha vipande vya nusu mwezi kwenye mapezi. Wavu huacha mikwaruzo pande zote mbili za mwili, puani na kwenye mashavu, pamoja na mkia uliochanika nchani. Mikwaruzo ya wavu ndiyo inayoonekana zaidi kwa samaki wapya, na si ajabu. Samaki wa mapambo wa pwani ya Kenya hunaswa na wapiga mbizi kwa nyavu za mkono na nyavu za kuzuia njia, huwekwa kwenye ndoo, hupelekwa kwenye matangi ya kuhifadhia, kisha hufungwa kwenye mifuko na kupandishwa ndege. Katika kila hatua ute hufutika kidogo. Kitatange mkubwa ana mwiba shavuni unaonasa kwenye matundu ya wavu, na anayemnasua kwa haraka humchana shavu. Samaki wa namna hiyo huja na jeraha, ila ni jeraha juu ya mwili wenye njaa na uchovu, na mwili kama huo hugeuza jeraha kuwa kidonda upesi kuliko mwili wa samaki aliyezoea tangi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni muda. Mpige samaki picha kwa simu kila siku, saa ile ile, upande ule ule. Ngozi ya juu ya samaki hufunga mkwaruzo mdogo kwa saa chache, au kwa siku moja au mbili ukiwa mpana, na joto la maji yetu huharakisha kazi hiyo, ijapokuwa magamba na rangi huchukua majuma. Alama ambayo katika picha ya siku ya tatu bado ni nyekundu na imekuwa pana kuliko ya siku ya kwanza haistahili tena kuitwa jeraha. Linganisha vilevile ulaji na upumuaji wake na wa wenzake walio wazima: aliyejeruhiwa hujificha kutwa moja kisha hurudi kwenye chakula, na mwenye maambukizi hukaa pembeni, matamvua yakienda mbio, akikipita chakula kana kwamba hakioni.

Zinazofanana na jeraha na si jeraha

Hapa pana mtego mmoja ambao nauhofia kuliko mingine. Kimelea kiitwacho Uronema marinum huanza kama doa jekundu ubavuni, na yeyote angeapa kwamba samaki ameumwa. Hushambulia sana samaki wadogo wa rangi ya kijani wa jamii ya Chromis, samaki vipepeo na samaki wa Pseudanthias. Tofauti yake na kuumwa ni kwamba mwanzoni magamba hayajang'oka: wekundu uko chini yake, kama wino uliomwagika chini ya karatasi, na huenea kwa saa badala ya siku. Samaki anaweza kuendelea kula hadi karibu na mwisho, jambo linalompumbaza mfugaji. Kimelea hiki hakimtegemei samaki ili kuishi, kwa kuwa hujilisha pia kwa bakteria walio kwenye uchafu wa tangi, na kikishaingia ndani ya misuli, dawa inayowekwa majini haikifikii ipasavyo. Mwenye hadubini akikwangua ute kidogo kutoka ukingoni mwa doa ataviona vijidudu vyenye umbo la yai vikikimbia huku na huko. Asiye nayo na amhamishe samaki huyo mara moja bila kungoja picha ya siku ya tatu.

Mtego wa pili ni minyoo bapa ya ngozi, hasa Neobenedenia. Ni mipana, haina rangi, na inaweza kuwa kumi juu ya samaki mmoja bila jicho kuuona hata mmoja. Samaki hujisugua kwenye mwamba ili kuiondoa, na kule kujisugua ndiko kunakoleta jeraha. Hivyo alama ni ya kweli, lakini ukiitibu na kuiacha minyoo utakuwa unaziba tundu la paa huku mvua inaingilia mlangoni.

Nyingine ni rahisi kuzitenga. Punje nyeupe kama chembe za chumvi zilizotawanyika mwili mzima ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, na zina tiba yake mbali na mada hii. Uvimbe mweupe wenye umbo la ua la koliflawa kwenye ncha za mapezi ni limfosisti, ugonjwa wa virusi ambao hauna dawa na kwa kawaida huondoka wenyewe samaki akitulia na kula vizuri, kwa hiyo usiukate wala usiupake kitu. Mashimo madogo yanayozunguka macho na kufuata mstari wa ubavuni, hasa kwa kangaja na kitatange, ni mmomonyoko wa kichwa na mstari wa ubavuni. Utafiti wa Jay Hemdal na R. Andrew Odum uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kaboni ya kuchujia iliyotengenezwa kwa lignaiti, aina ya makaa ya mawe, iliwasababishia kangaja wa Atlantiki hali hiyo. Anayeona mashimo hayo na aanze kwa kuitoa kaboni kwenye chujio na kuboresha chakula, kwa kuwa antibayotiki haina kazi hapo.

Kwa nini jeraha la baharini lina uzito wake

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji, na maji ya mwilini mwa samaki wa mifupa yana ukolezi wa karibu theluthi moja tu ya huo. Kwa sababu hiyo samaki wa baharini hupoteza maji muda wote, na hufidia kwa kunywa bahari na kuitema chumvi kupitia matamvua. Ngozi, magamba na ute ndivyo vinavyopunguza uvujaji huo. Pale vilipotobolewa, maji ya mwili hutoka na chumvi huingia, na samaki mwenye jeraha pana hukauka akiwa ndani ya maji. Mara nyingi hali hiyo humdhoofisha kabla bakteria hajafanya kazi yake. Jambo hili linaathiri kila uchaguzi unaofuata: ute wowote unaoufuta wakati wa kumshika samaki ni jeraha la ziada, na kupunguza chumvi ya maji kidogo ni msaada ambao hauhitaji kununuliwa dukani.

Kumwacha tangi kuu au kumhamisha

Tangi kuu lina fadhila ambazo tangi la wagonjwa haliwezi kuzipata kwa siku moja. Maji yake yamekomaa, bakteria wanaoondoa amonia, sumu itokanayo na taka za samaki wenyewe, wako kazini, joto halipandi na kushuka kwa ghafla, na samaki anajua pango lake. Kwa jeraha safi la samaki anayekula, ambaye adui yake ameondolewa, tangi kuu ndilo chaguo langu bila kusita. Kinachotakiwa ni kubadilisha sehemu ya maji, kuhakikisha amonia ni sifuri, kuongeza mwendo wa hewa kwa sababu maji yenye joto hushika oksijeni kidogo, na kumlisha chakula kizuri mara nyingi kwa vipimo vidogo. Kasoro yake ni kwamba huwezi kutia dawa ndani yake. Dawa za shaba na fomalini huua kamba, konokono na matumbawe, antibayotiki huwadhuru bakteria wa chujio, na mawe pamoja na mchanga hunyonya dawa hadi usijue ni kiasi gani kimebaki majini. Katika tangi lenye matumbawe hata chumvi huwezi kuishusha.

Tangi la wagonjwa kwa upande wake ni chombo cha lita 60 hadi 80 kisicho na mchanga wala mawe, chenye pampu ya hewa, chujio la sponji, na vipande viwili vitatu vya bomba la plastiki kwa ajili ya kujificha. Huko unaweza kupima dawa kwa uhakika, kumwona samaki pande zote, na kushusha chumvi hatua kwa hatua hadi gramu 25 au 28 kwa kila kilo ya maji ili mwili wake upumzike na kazi ya kufukuza chumvi. Hatari yake ni amonia. Sponji lisilo na bakteria haliwezi kusafisha maji, na samaki mwenye kidonda aliyewekwa katika amonia anaungua upande wa pili. Ndiyo maana mimi huweka sponji la akiba nyuma ya chujio la tangi kuu mwaka mzima, likingoja mgonjwa. Asiye na sponji la namna hiyo lazima apime amonia kila siku na kubadilisha robo hadi nusu ya maji kila siku, akirudisha dawa kwa kiasi cha maji aliyoyatoa, na kama hawezi kuifanya kazi hiyo kwa siku kumi mfululizo, basi ni afadhali asimhamishe samaki mwenye jeraha dogo.

Gharama kubwa zaidi ya kuhamisha ni kule kukamata kwenyewe. Nilikuwa na kangaja wa buluu ya unga, yule mwenye pezi la mgongoni la njano, aliyekatwa na mwenzake mkato wa sentimita mbili hivi. Ulikuwa mkato safi. Nilimfukuza kwa wavu kwa zaidi ya robo saa, nikang'oa mawe aliyokuwa akijificha, na wembe wa mkia wake ukanasa kwenye nyuzi mara mbili kabla sijamtoa. Alipoingia tangi la wagonjwa, ule mkato wa kwanza ulikuwa ndio mdogo kuliko majeraha yake yote: pua ilikuwa imechubuka hadi nyeupe, na ute ulining'inia kwenye mapezi kama uzi. Alikufa siku ya nne, na nina hakika kwamba kama ningemwacha angepona. Tangu hapo simkamati samaki kwa wavu. Huzamisha chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa mdomo, au beseni la uwazi, huiacha humo hadi samaki aizoee, kisha humwongoza aingie taratibu jioni taa zikiwa zimezimwa, na humbeba ndani ya maji bila kumtoa hewani.

Mpaka wangu, basi, ni huu. Jeraha la samaki anayekula hubaki tangi kuu. Kidonda kinachoongezeka, wekundu wa chini ya magamba, au samaki aliyeacha kula kwa siku mbili huenda tangi la wagonjwa siku hiyo hiyo. Katikati kuna majeraha mapana ya samaki wapya, na hao kwa kweli hawakupaswa kuingia tangi kuu kabla ya karantini, kwa hiyo swali la kuwahamisha lisingezuka.

Dawa: ya majini, ya chakulani, na ya kupaka

Duka la dawa za mifugo lililo karibu huuza unga wa manjano wa antibayotiki iitwayo oksitetrasaiklini, ule unaowekwa kwenye maji ya kuku. Ni wa bei nafuu na wafugaji wengi wa pwani huanzia hapo. Katika maji ya bahari ni chaguo dhaifu, na sababu yake ni ya kikemia: kila lita ya bahari ina takriban miligramu 400 za kalisi na 1,300 za magnesi, na madini hayo mawili hushikana na dawa za jamii ya tetrasaiklini hadi sehemu kubwa isiweze kuingia mwilini mwa samaki. Mwangaza nao huiharibu. Mfugaji huona maji yamebadilika rangi na kudhani tiba inaendelea, huku kidonda kinapanuka. Dawa hiyo hiyo ikichanganywa kwenye chakula huwa na nafasi nzuri zaidi kuliko ikimwagwa majini.

Kwa tiba ya majini, kanamaisini na dawa za jamii ya naitrofurani ndizo zinazotumiwa zaidi dhidi ya kundi ambalo Vibrio yumo. Kwa bahati, samaki wa baharini hunywa maji, kwa hiyo baadhi ya dawa humfikia hata akiwa ameacha kula, na hiyo ndiyo sifa kuu ya tiba ya majini ikilinganishwa na ya chakulani. Ila naitrofurani zimepigwa marufuku kwa wanyama wa kuliwa katika nchi nyingi kutokana na shaka ya saratani, kwa hiyo vaa glavu, usimle wala kumpa mtu samaki aliyetibiwa kwazo, na usiyamwage maji yake baharini wala kwenye mkondo unaoelekea huko. Antibayotiki yoyote ikianzwa imalizwe kama ilivyoelekezwa, kwa sababu nusu ya tiba hulea bakteria sugu ndani ya tangi ambalo mkono wako huingia kila siku. Msomaji aliye Uingereza atahitaji cheti cha daktari wa wanyama kwa dawa hizi, na kwa maoni yangu utaratibu huo ungefaa kwetu pia.

Tiba ya chakulani ni bora kwa samaki ambaye bado anakula, kwa kuwa dawa huingia mwilini moja kwa moja, maji hubaki safi na bakteria wa chujio hawaathiriki sana. Mimi husaga nyama ya kamba mbichi, huchanganya dawa niliyopimiwa na daktari wa mifugo kulingana na uzito wa chakula, kisha huigandisha kwa ile chainagrasi ya kutengenezea faluda, ikiwa imepoa lakini haijashikana. Hukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mchele na kuhifadhiwa kwenye barafu. Bila kitu cha kugandisha, dawa huyeyuka majini kabla samaki hajafungua kinywa.

Dawa ya kupaka inavutia kwa sababu ndivyo tunavyojitibu wenyewe. Ayodini ya hudhurungi ya hospitalini inaweza kupakwa kwa pamba juu ya kidonda kimoja kirefu cha samaki mkubwa, samaki akiwa amefunikwa kwa kitambaa kilicholowa maji ya tangi, kichwa kikiwa juu kidogo ili dawa isitiririkie kwenye matamvua wala jichoni, na kazi nzima ikaisha kwa sekunde chache. Kwa kitatange wa urefu wa kiganja nimeiona ikisaidia. Kwa samaki wa urefu wa kidole, kule kumshika kunamgharimu ute mwingi kuliko faida ya ayodini, na simshauri mtu. Haidrojeni peroksaidi huchemka juu ya kidonda na kuonekana inafanya kazi kubwa, lakini huunguza pia chembe changa zinazofunga ngozi.

Methilini ya buluu ni dawa ya upole inayofaa katika tangi la wagonjwa lisilo na chujio hai, kwa siku chache za mwanzo, kama kinga ya jeraha pana lisilo na dalili ya maambukizi. Haitoshi kwa kidonda kilichokwisha kuingia ndani. Shaba nayo, ambayo hutumika kati ya miligramu 0.15 na 0.20 za ioni kwa lita, ni dawa ya vimelea kama Cryptocaryon, na haitibu jeraha wala kidonda cha bakteria. Ni sumu iliyopimwa, na samaki aliyechubuka huihisi zaidi kuliko mzima. Nimewaona watu wakiitia "kwa usalama tu" kila samaki anapoumia, na hakuna usalama humo.

Maji baridi na prazikwanteli kwa wenye minyoo

Kwa samaki anayejisugua, njia mbili hushindana, na kwa kweli zinakamilishana. Kuogesha katika maji baridi huchukua dakika tatu hadi tano. Maji yawe hayana klorini, joto lake lilingane na la tangi, na asidi yake isawazishwe kwa bikaboneti ya soda. Yapulize hewa kwanza, kisha msogeze samaki humo na usiondoke. Ndani ya dakika ya pili au ya tatu, kama minyoo ipo, utaona vijisahani ambavyo havikuwepo vikigeuka vyeupe juu ya ngozi na kwenye jicho, vikijikunja, kisha vikidondoka mmoja mmoja chini ya ndoo kama maganda ya ufuta. Hakuna kipimo cha nyumbani kilicho wazi kuliko hicho. Samaki akilala ubavu na kuacha kuitika anapoguswa, mrudishe mara moja. Mwenye jeraha pana lililo wazi nisingemwogesha, kwa kuwa katika maji baridi mambo hugeuka, na maji humwingia kwa kasi kupitia pale palipochanika.

Kuogesha hutambua na kupunguza, lakini hakumalizi. Prazikwanteli, dawa ile ile inayogawiwa shuleni dhidi ya kichocho, ndiyo humaliza. Kipimo cha majini ni miligramu 2 kwa lita, yaani miligramu 200 kwa tangi la lita 100, na hurudiwa baada ya siku tano hadi saba kwa sababu mayai ya minyoo hayafi kwa dozi ya kwanza. Unga safi ni bora kuliko tembe, maana tembe zina vishikizo vinavyotibua maji. Ikilinganishwa na fomalini, ambayo nayo huua minyoo, ni salama zaidi kwa samaki mwenye jeraha: fomalini huunguza ngozi iliyo wazi na hupunguza oksijeni majini, jambo la hatari kwa matangi yetu yenye joto.

Mikono ya mfugaji

Mycobacterium marinum, bakteria wa matangi ya samaki, huingia kwa binadamu kupitia mchubuko wa kidole na kuacha uvimbe usiopona kwa miezi. Vibrio wengine pia humwingia mtu mwenye kidonda. Anayemtibu samaki na avae glavu ndefu, na kama ana donda la mkono lisilofunga amweleze daktari kwamba anafuga samaki, kwa kuwa bila habari hiyo daktari hatalifikiria.

Nani ahamishwe

Limebaki chaguo moja ambalo wengi hawalioni kuwa ni chaguo. Samaki akijeruhiwa na mwenzake, sisi humhamisha majeruhi, na mchokozi hubaki na tangi zima. Baada ya wiki mbili majeruhi anaporudi amepona, mapango yote yamekwisha kupata mwenyewe, na yeye ndiye mgeni, kwa hiyo siku ya kwanza hukatwa tena juu ya ngozi ambayo magamba yake hayajaota. Kumhamisha mchokozi kuna faida mbili: ngozi yake ni nzima na huvumilia kushikwa, na majeruhi hupata utulivu nyumbani kwake bila kuguswa. Mchokozi akikaa kando kwa wiki mbili au tatu na mawe ya tangi yakapangwa upya kabla ya kurudishwa, hurudi akiwa hana mipaka ya kulinda.

Mwaka jana kangaja wangu wawili walikatana tena. Safari hii nilimtoa yule mkubwa kwa beseni, ikanichukua jioni mbili za kungoja, na yule mdogo aliyekuwa na mkato nyuma ya pezi la kifuani hakuguswa na mtu. Siku ya pili mkato ulikuwa umefunikwa na ule utando wa ukungu, siku ya tano alikuwa akiguguna mwani kwenye kioo, na wiki ya sita ilibaki alama nyeusi nyembamba ambayo huonekana tu nikimulika tochi kutoka ubavuni.